Mikeka Mbele ya Ubao

Mjukuu wangu Zaituni,

Nakuandikia kujibu swali lako: je, wewe mwalimu umtii mkuu wa shule anayeagiza watoto wa wavuvi waketishwe nyuma? Hapa Rumonge sote tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na dada yako amejifungua salama.

Enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, nilipohitimu shule ya serikali, niliajiriwa humo kuwa msaidizi wa mwalimu. Wana wa machifu walikalia madawati ya mbele. Watoto wa wavuvi walikaa chini, nyuma kabisa, wasiuone ubao, kisha wakaitwa wajinga.

"Wananuka ndagala," alisema mwalimu.

Athumani, ambaye mama yake alianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alininong'oneza, "Mbona jana mwenyewe aliwala wote, na sahani akaipangusa?"

Siku mwalimu alipougua, niliyatoa madawati nje, nikatandika mikeka, nikawaketisha wote nusu duara mbele ya ubao, kama tulivyoketi chuoni tukijifunza Kurani. Athumani alisoma mstari mzima, hata mwana wa chifu akamwomba amwelekeze. Mwalimu alipopona aliyarudisha madawati, naye Athumani akarudishwa nyuma. Kesho yake mtoto hakuja, wala hakuja tena. Mpaka leo hasira ile ninayo, maana aliitwa mjinga kwa sababu ya mahali alipoketishwa.

Usitii, mjukuu wangu. Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya kengele, nitakuwa mlangoni pa darasa lako na mikeka ya bibi yako. Uje na ufunguo.

Babu yako