Kidole Juu ya Usukani

Tacoma,
Jumatatu, 14 Oktoba 2019.
Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Lindal.

Mdogo wangu Duane,

Nakusalimu wewe na shemeji Ardis, nikitumaini kwamba goti lako limepata nafuu na kwamba mmeanza kuvuna mahindi kabla theluji haijawawahi kama mwaka jana. Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu wa miaka sabini na tisa anavyoweza kuwa mzima. Mvua ya huku hainyeshi, inavuja tu kutwa nzima, nami nimeizoea. Nasoma, napika, nalala. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi.

Duane, nimechoka. Jumapili sita mfululizo unanipigia kunieleza habari za mnyama. Kamati ya vijiji vitatu imekaa saa nne nzima kuamua ni picha gani ichorwe kwenye helmeti za timu mpya ya shule, ya futiboli yetu ya Kimarekani. Garnet wanataka nyati, Tabrov hawakubali kumwacha tai wao, na wewe ukapiga meza ukasema Mviking wa Lindal hang'oki labda wakung'oe wewe kwanza. Ukaniuliza nasemaje. Nasema hivi: vijiji vitatu vizima vina vijana kumi na mmoja wa kuvaa helmeti hizo, wawili kati yao hawajawahi kushika mpira, na hakuna nyati wala Mviking atakayewazuia wasiangushwe.

Hamjifunzi. Shule zetu mbili zilipounganishwa mwaka 1981, mlitoa pikapu mbili, moja kutoka Lindal na moja kutoka Tabrov, mkaendesha huku mkihesabu maili, na pale zilipokutana mkapigilia kigingi. Hapo ndipo mkajenga shule, katikati ya mahindi, pasipo na kisima wala duka wala nyumba ya mtu, ili kusiwe na kijiji kitakachojidai kimeshinda. Miaka miwili watoto walikunywa maji ya kuletwa na lori. Hadi leo, anasema Ardis, kwenye majukwaa watu wa Lindal wanakaa kaskazini mwa ngazi na wa Tabrov kusini, ilhali watoto wao wamevaa jezi moja uwanjani. Masufuria ya supu ya nyama na maharage ni mawili, mikate ya mdalasini sinia mbili, na mtu akivuka ngazi kwenda kuonja ya upande wa pili anatazamwa kama kavuka mpaka bila pasi. Miaka thelathini na minane! Ndoa ngapi zimefungwa na kuvunjwa katika muda huo?

Sasa shule hiyo nayo inafungwa, na watoto watapanda basi maili thelathini na moja hadi Garnet. Mechi ya mwisho ni Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Umeniomba nije ili wakati wa mapumziko niingie uwanjani pamoja na walimu na makocha wa zamani, watu wasimame watupigie makofi. Ulisema, "Njoo bwana, kaka, hata ikibidi kwa kiti cha magurudumu nitakusukuma mwenyewe." Nilicheka, nikakuambia nitafikiria.

Jana Ardis alinipigia akinong'ona, amejifungia chumba cha kufulia. Alinieleza kwamba watu wa Tabrov walileta jina la Orlin Bekke, jirani yako, kwenye orodha ya watakaoingia uwanjani, kwa kuwa tangu shule ifunguliwe yeye ndiye aliyeshika mnyororo wa kupimia yadi uwanjani kila mechi ya nyumbani, kwenye barafu na kwenye vumbi, bila kukosa hata moja. Wewe, mwenyekiti, ukalikata kwa kalamu nyekundu. Walipokuuliza sababu ukajibu, "Aliyeua shule yetu hapewi maua kwenye mazishi." Ardis anasema Orlin ana miaka themanini na minne, mapafu yameliwa na vumbi la ghala la nafaka, anatembea akikokota mtungi wa hewa, na kwamba hakuna atakayepata nafasi nyingine ya kumshukuru.

Ndiyo maana naandika. Kaa chini, usisome umesimama.

Unakumbuka kura ile. Tisini na nne walisema tuungane na Tabrov, tisini na tatu walikataa. Asubuhi yake ulikwenda mgahawani na daftari la wapigakura, ukamwita kila mtu jina, na kila mtu akasema mbele ya wenzake alipiga kura gani. Tisini na tatu walikiri kwamba walikubali, na wengine tisini na tatu wakaapa kwamba walikataa. Akabaki Orlin. Orlin alimaliza kahawa yake, akasema kura ni siri, hata mkewe hajamwambia, na kama unataka kujua sana ukamuulize sanduku. Mkewe alitoka Tabrov. Basi ikaisha. Hesabu ilimkamata, na hakuna aliyeweza kuipinga.

Tangu siku hiyo hujamwinulia kidole. Mtu wa mjini hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu unakutana na gari barabarani, unainua kidole kimoja juu ya usukani, hata kwa muuza mbolea usiyemjua, hata kwa mtu mliyegombana naye jana juu ya uzio. Wewe umepishana na Orlin kila siku kwa miaka thelathini na minane, mikono yako imeganda kwenye usukani. Ardis anasema Orlin kila siku anainua chake.

Hesabu yako ilikuwa sahihi, Duane. Aliyeiharibu ni mimi. Niliapa pale mgahawani, nimekaa kando yako, kwamba nilikataa. Nilidanganya. Kura ya tisini na nne ni yangu. Orlin alikataa, kama wewe.

Najua kwamba alikataa kwa sababu nilimwendea ghalani mwezi wa nane, wiki moja kabla sijaondoka, nikamwambia yote na kwamba ninakwenda kukueleza. Alikuwa anapima lori la ngano; alinithibitishia kwamba alikataa, wala hakuacha kupima. Akasema, "Vernon, ukimwambia atakosa kaka. Mimi ataninunia tu. Mie ni jirani, nitazoea." Nikayapokea maneno hayo kama mtu aliyesamehewa, nikapakia vitabu vyangu, nikaja huku. Ninyi mlidhani niliondoka kwa hasira ya kupoteza shule, na mlinifanyia tafrija ya kuniaga. Nilikula keki ile, Duane.

Utauliza kwa nini, mimi mwalimu wa shule ile ile. Kwa sababu ya mechi unayoisimulia kila Krismasi, ile ya vuli ya 1980 tuliyowafunga Tabrov kwa pointi mbili. Unasimulia ushindi. Husimulii kwamba tulikuwa na vijana tisa tu, mmoja alishateguka, na Curtis mwanao alipovunjika mtulinga hakukuwa na wa kuingia badala yake. Akitoka, tunabaki saba badala ya wanane wanaotakiwa, na mechi imekwenda. Wewe, kocha, ulimfunga mkono kwa utepe hadi kifuani ukamrudisha uwanjani. Mimi ndiye niliyeushika mkono wake ulipokuwa unafunga. Aliniuliza, "Baba mkubwa, utauma?" Nikamwambia hapana. Leo ana miaka hamsini na sita na bado hawezi kuvaa shati bila kuinama.

Sikukulaumu wakati ule, na sasa pia sikulaumu. Kijiji kizima kilikuwa kinapiga kelele mgongoni mwetu. Lakini niliona kwamba shule isiyoweza kumpumzisha mtoto mmoja aliyeumia haitoshi kuwa shule, na chumbani nilipobaki peke yangu na karatasi ya kura, niliandika nilichokiona. Kura ile siijutii. Najutia kiapo, na miaka yote niliyomwachia Orlin akibeba mzigo wangu huku wewe ukinisifu kwa simu.

Kwa hiyo nakuomba. Rudisha jina lake, liwe la kwanza. Isome barua hii mbele ya kamati, au mgahawani, kwa sauti, pande zote mbili za ngazi zisikie. Jina langu ulikate kwa kalamu ile ile. Na kesho asubuhi ukikutana na pikapu yake, mwinulie kidole kabla yeye hajainua chake. Kama hutaki kunipigia Jumapili, nitaelewa. Kama utapiga, usinitajie nyati.

Msalimie sana shemeji Ardis, wala usimgombeze; alinipa habari tu, mengine ni yangu. Msalimie Curtis, umwambie kwamba nakumbuka aliniuliza nini na nilimjibu nini. Msalimie Orlin mwenyewe, kwa mdomo wako.

Tiketi ya ndege uliyonitumia nairudisha ndani ya bahasha hii. Sitakuja tarehe ishirini na tano, na Lindal sitarudi tena.

Kaka yako,
Vernon Sandahl