Gurudumu la Mbele

Muhumba, Jumatano

Yaya Euphrasie, dada yangu mpenzi,

Pokea busu kumi kutoka kwa mdogo wako, mke wa mtu tangu wiki tano zilizopita! Wasalimie wote huko kisiwani Idjwi.

Hugues wangu ni mzuri hata chai inanipoa mkononi nikimtazama. Medali zake kumi na moja nimezitundika sebuleni, zikiwemo mbili za dhahabu kutoka Gisenyi na moja ya shaba kutoka Mombasa. Kuogelea, baiskeli na kukimbia, vyote siku moja, na ndiyo kazi inayotulisha! Papa alikuwa akisema, "Mutu gani anakimbia na hakuna mwenye kumufukuza?" Juzi nimemsikia akijisifu kwa majirani: "Ule shampioni iko mukwe yangu."

Lakini Yaya, siku hizi Hugues anashuka ngazi kwa upande. Daktari amemwambia goti limechanika ndani, na akishindana Jumamosi hii huenda asikimbie tena maishani. Yeye anacheka: "Chérie, nitapumuzika nikizeeka." Nimelia, akanibusu, akaenda kutia mnyororo mafuta.

Kwa hiyo mzigo huu wa duara, uliofungwa kwa kitenge changu, ni gurudumu la mbele la baiskeli yake. Hana lingine. Lifiche chini ya kitanda. Akilifuata, mpe samaki, mkalishe, umwambie boti ya kurudi ni Jumatatu.

Na anikasirikie. Nitamwomba msamaha akiwa na miguu yote miwili.

Mdogo wako mwenye furaha nyingi,
Bijou