Mwaka wa Tano wa Spana na Mwalimu

Nyumbani kwangu, nyuma ya gereji
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Nakusalimu kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, maana nikishakaa nitaingia kwenye habari na salamu nitazisahau. Hujambo wewe? Lile jicho limeacha kutoa machozi? Na shemeji, kifua kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Mimi ni mzima. Goti linanisumbua kila asubuhi, lakini juzi Ijumaa lilikimbia, na nitakueleza lilikimbilia wapi. Usiniambie barua yangu ni ndefu. Wewe ukianza kuongea kwenye simu huachi mpaka chaji iishe.

Habari ni za binti yangu Spana. Najua utasema dada ameanza kujisifu. Nimeanza, ndiyo. Siku hizi ndiye fundi mkuu pale gereji. Lori likipita barabarani, yeye yuko jikoni amegeuza mgongo, anakwambia ugonjwa wake uko wapi. Wanaume wazima wenye ndevu wanamwita fundi na kumshikia tochi. Mikono hiyo kaitoa kwangu. Marehemu baba yake hakuweza hata kukaza bawaba ya mlango, Mungu amrehemu.

Ila siku muhimu hazimkai kichwani. Mkwe wangu Mwalimu, yule mpole wa miwani uliyecheza naye harusini, yeye hasahau. Kila mwaka ikifika siku yao ya ndoa anapiga pasi shati, anapika, anangoja. Mwaka wa kwanza alikula peke yake, Spana yuko chini ya basi. Wa pili Spana alirudi akasinzia mezani na kijiko mkononi. Mwaka jana Mwalimu alibeba chakula mpaka gereji, na mwenzake akala akiwa amelala chini ya gari, mkono tu ndio unatoka kuchukua tonge. Mwalimu alinisimulia akicheka, lakini mama anajua kicheko kipi ni kicheko.

Ijumaa walikuwa wanatimiza miaka mitano. Asubuhi Mwalimu alipita kwangu akienda shuleni, kama kawaida yake, kuniamkia. Akakataa chai. Nikajua kuna jambo, maana mtu huyo chai yangu haijawahi kumshinda.

Akatoa karatasi mfukoni. Kumbe amepewa ualimu mkuu, shule ya mbali, na ni huko huko kwenu, Kasuku! Fomu ilitakiwa ofisi ya elimu siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi. Amejaza yote isipokuwa mahali pamoja: anataka nyumba ya familia au chumba cha mtu mmoja?

Nikamuuliza Spana anasemaje. Akasema amemwambia mara mbili, na mara zote mbili Spana amejibu "mm" huku anahesabu nati.

"Mama, nitaandika chumba kimoja," akaniambia. "Mimi pale nyumbani ni tairi la akiba. Tairi la akiba halihitaji sebule."

Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki. Akaniapisha nisimwambie Spana, wala habari ya siku wala ya fomu. Akikumbuka mwenyewe, vizuri. Asipokumbuka, basi ndilo jibu.

Nikaapa. Hajafika hata kwenye kona, mimi nimeshavaa viatu.

Spana hakuwepo gereji, alikuwa ameenda kuvuta lori lililokufa njiani; nikangoja mpaka akarudi nalo na kuingiza kichwa kwenye injini yake. Nikamwambia yote, bila kupumzika. Akachomoka taratibu, akajifuta mikono, akajifuta tena. Nilidhani atalia, lakini yule ni wangu, halii kabla ya kazi.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na nusu. Shule inafungwa saa nane na nusu."

"Basi kuna masaa manne. Gia boksi nimeshashusha kwa matatu."

Mwenye lori akaanza kupiga kelele kwamba aliahidiwa kabla ya adhuhuri. Spana akamwambia lori lake lina miaka ishirini na ndoa yake ina mitano, kwa hiyo lori lishazoea kuvumilia. Nani angeweza kujibu hivyo kama si mwanangu?

Akawaza shati jipya. Nikamwambia mashati anayo. Akawaza keki. Nikamwambia mwenye kuoka ndani ya nyumba ile ni nani? Ndipo nikamkumbusha baiskeli. Mwalimu ana baiskeli inayolia kama mlango wa ghala, mnyororo unachomoka kila mlima. Ni mume wa fundi wa magari, na kila jioni anafika nyumbani na grisi kwenye pindo la suruali, anaisukuma. Spana akasema, "Kalete. Nitaifanya iwe mpya, na nitaipeleka mwenyewe getini."

Mimi nikaenda kuiiba. Ndiyo, dada yako mkubwa huyu, nimejitanda vizuri, nikaingia uwanja wa shule wakati madarasa yote yanaimba majedwali, nikaitoa ukutani chini ya dirisha la ofisi, nikaondoka nayo. Ililia njia nzima. Mbwa walinifuata.

Kasuku, laiti ungeiona ile kazi! Aliifungua yote mpaka ikawa haina sura ya baiskeli. Akanyoosha rimu, akabadilisha breki, akatia mnyororo mpya ambao alimtuma mtu dukani kuuleta mbio. Chakula cha mchana hakugusa. Vidole vilikuwa vinatoka damu na bado anafuta spoku mojamoja. Saa nane na robo alipozungusha tairi hukusikia kitu, upepo tu. Nikamwambia avue ovaroli. Hakuna muda, akasema, akapanda, mimi nyuma yake kwa miguu na goti langu.

Pale getini wanafunzi wameanza kumwagika. Spana amesimama ameshika usukani kama askari. Wa kwanza kutoka alikuwa mwalimu mkuu wao, mtu mzima mnene, anatembea haraka, jasho linamtoka.

"Baiskeli yangu!" akapiga ukelele. "Jamani, mwizi wangu huyu hapa, tena kavaa sare ya kazi!"

Walimu wote walipewa baiskeli za aina moja, nyeusi, na zote zinalia. Ningejuaje mimi? Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu akaipanda, akazunguka uwanja mara moja, akazunguka tena, akaanza kucheka naye. "Hata ilipotoka dukani haikuwa hivi! Fundi, njoo uniibie na kesho!"

Na hapo ndipo Mwalimu wetu akatokea, anasukuma yake. Kwi, kwi, kwi.

Akamtazama mkewe, akatazama vidole vile. "Ulikuwa unanitengenezea mimi?"

"Nilidhani ni yako."

"Yangu ina kiti cha kahawia, Spana. Tangu siku ya kwanza."

Sijawahi kumwona mwanangu kama alivyoonekana wakati ule. Anayejua lori kwa mngurumo hakuijua baiskeli inayolala mlangoni pake. Nilitaka kuingilia, niseme kosa ni langu, mimi ndiye niliyeichukua. Nikauma ulimi. Kosa langu lilikuwa la asubuhi moja tu.

"Umeshapeleka fomu?" akauliza Spana.

Mwalimu akanigeukia mimi. Nikatazama mawingu.

"Bado. Ndiyo naipeleka."

"Lete."

Akaipokea kwa mikono ile ile, alama ya dole gumba ikabaki nyeusi katikati ya karatasi. Akaiweka juu ya kile kiti cha kahawia, akaomba kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA YA FAMILIA.

"Na gereji?" Mwalimu akauliza.

"Kwani huko watu wanapanda punda?"

"Usiseme kwa hasira. Kesho utajuta."

"Sina hasira. Hii ndiyo sauti yangu." Halafu akaishusha, mimi nikasogea nisikie. "Nimekuacha ule peke yako miaka yote hii. Sitaki ule peke yako huko. Ukienda, naenda."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, akawafukuza watoto. Akamwambia aingie ofisini achukue fomu safi, hii imechafuka. Mwalimu akakataa. Akasema anaipeleka hiyo hiyo. Wakaondoka wawili, mke anaendesha, mume kwenye keria ameshikilia karatasi. Walifika ofisi ya elimu imebaki robo saa. Karani alifungua mdomo kuhusu ile alama, akaangalia ovaroli, akaufunga.

Sasa, mdogo wangu, wanakuja kwako mwisho wa mwezi. Nyumba ya shule haitakuwa tayari mpaka mwezi unaofuata, wapokee kwako. Spana usimwamshe kabla hajaamka mwenyewe, na gari la shemeji mwache aliguse, atalitengeneza kabla hajanywa maji.

Nimelia, sikufichi. Ningekaa kimya Ijumaa ile, angebaki hapa, hatua mia kutoka mlangoni kwangu, na mume angekuwa chumba kimoja huko. Mimi mwenyewe ndiye niliyekimbia kumwambia. Nimejiuliza tangu juzi, na jibu ni lile lile: ningekimbia tena, na mara hii nisingesubiri kuvaa viatu.

Nisalimie shemeji, na mapacha, na mama mkwe wako ambaye bado ananidai mapishi ya maandazi. Mungu awalinde nyote, awape wanangu safari nyepesi, na akupe wewe moyo wa kuwa mama yao mkubwa na mdogo kwa pamoja.

Mimi nisiyechoka kukupenda,
Dada yako mkubwa, Mama Spana