Kisu Kimemwondoa Gaju Nyumbani

Mama Chantal, amani ya Bwana iwe nawe na wote wanaokusikiliza hapo Mbarara, mimi ni Ngoga, mchunga ng'ombe wa huku Juru, kambini kwetu wakimbizi Nakivale, na jina langu ulisome redioni bila kulificha kwa sababu mke wangu Gaju hakosi kipindi chako, ila sasa anakisikilizia kwa mama yake, kwangu hayuko tena, na kilichomwondoa si mwanamke mwingine wala pombe, ni kisu, nisaidie maana nyumba imekuwa kimya na sijui pa kuanzia.

Kazi yangu ni kuchunga ng'ombe wa Mzee Rwakabuba, na mchunga ng'ombe bila kisu ni nusu mtu, kamba ikimkaba ndama unataka kisu, kwato zikirefuka unataka kisu, mwiba, gunia la pumba, yote kisu, na mimi nilikuwa natumia panga hata mahali pa wembe mpaka nikachoka, nikapanda boda nikaenda Mbarara kutafuta kisu changu cha kushinda nacho mwilini. Muuzaji alinionyesha vidogo vyeusi nikavidharau, macho yangu yakaangukia kimoja kirefu kinachong'aa, makali pande zote mbili, ncha kama sindano, na ala nyeusi ya kufunga pajani, naye akaniambia, "Ssebo, hii ya makomando! Funga kwa mguu tu, watu yote naheshimu wewe." Nikalipa. Na kweli niliporudi Juru nikipita bombani wanawake walinyamaza, foleni ikanipisha, kanisani shemasi akaniomba kwa upole nikiache nje, na mimi nikadhani ndiyo heshima yenyewe.

Gaju alipokiona hakupiga kelele. Akawa ananiwekea chakula na kutoka nje, sahani anaisukuma kutoka mbali, mpaka nikamuuliza una nini, akasema, "Ngoga, bisu ya namna hii nilibiona wakati tulikimbia Kivu. Bilikuwa mu mikono ya batu. Siwezi kulala mu nyumba moya nayo." Nikamjibu kwamba hiki ni chombo cha kazi tu, asiwe mtoto, na neno hilo la mtoto, Mama, ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu alichukua kitenge chake akaenda kwa mama yake kijiji cha pili na hakugeuka nyuma.

Kabla sijajua nifanye nini, ndama wa Bihogo akafa. Bihogo ndiye ng'ombe mwenye maziwa kuliko wote, na sisi watu wa ng'ombe tunajua kwamba ndama akifa mama yake anaziba maziwa, hamkubali mtu, basi unamchuna yule ndama vizuri, ngozi unamvalisha ndama mwingine aliye yatima, mama anamnusa, anaona ni wake. Yatima tulikuwa naye. Nikachomoa kisu changu cha makomando nikaanza kuchuna, ncha ikatoboa ngozi, nikakigeuza, makali ya upande wa pili yakanikata kidole gumba, nikatoboa tena karibu kabisa na tumbo, na ukitoboa tumbo harufu yote inaharibika na ng'ombe hadanganyiki tena. Bihogo alikuwa analia sauti inayosikika hadi kijiji cha pili, na ni sauti hiyo iliyomleta mama mkwe wangu, Gaju akiwa nyuma yake.

Jina lake silitaji, unajua mwenyewe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo alijifunika kichwa, akanipa mgongo, akazungumza na Gaju ili mimi nisikie: "Umwambie bwana yako aache kumutoboa huyu mwana ya ngombe. Anipishe." Nikakiacha kisu kwenye majani nikaenda nyuma ya ua, na hapo, Mungu anisamehe, nilichungulia.

Mama Chantal, sijui nikuelezeje. Ndani ya kitenge chake, kwa kamba ya shingoni, alitoa kisu ambacho nilikuwa sijawahi kujua kama anacho, miaka yote hiyo, kidogo, bapa lake halizidi kidole cha shahada, cheusi, makali upande mmoja, mpini wa mti uliolainishwa na mkono wake mpaka umeshika umbo la kiganja. Akaweka kidole juu ya mgongo wa kisu akaanza. Hakuchoma, hakuvuta kwa nguvu, kisu kilipita kati ya ngozi na nyama kana kwamba njia ilikuwa pale tangu zamani, na ngozi ikatoka yote nzima kama mama anavyomvua shati mtoto aliyelala. Damu kidogo tu. Yale matundu yangu akayashona kwa uzi wa mkonge. Mimi nimezaliwa kati ya ng'ombe na sijawahi kuona kitu kile. Wakamvalisha yatima. Bihogo akamnusa, akanyamaza, akamnusa tena nyuma, kisha akaanza kumlamba, na maziwa yakaanza kudondoka yenyewe chini kabla ndama hajagusa chuchu. Nilivua kofia kule nyuma ya ua nikabaki nimesimama.

Gaju alikuwa anakitazama kile kisu, amerudi nyuma kidogo. Mama yake akakifuta akamwambia, "Unaogopa kisu? Hii ndiyo ilikukata kwangu siku ulizaliwa. Kule mu pori hapakuwa wembe, hapakuwa daktari. Ilikuwa mimi na Mungu na hii. Haijaliza mutu hata siku moya." Gaju akakipokea, akakishika, machozi yakamtoka. Nikasema moyoni, sasa atabaki. Lakini akakiona kile changu kwenye majani kinavyong'aa, akamrudishia mama yake cha kwake, wakaondoka wote wawili.

Sasa mama mkwe ametuma neno kwamba nikihitaji kisu chake nitapewa, na mimi nakitamani kuliko kitu chochote, ila naogopa, nani anapokea kitu kilichotoka shingoni mwa mama mkwe? Na nisipokichukua, ninunue kipi, na nikibebeje, ili kazi iendelee na Gaju wangu arudi? Ni mimi Ngoga, Juru.

*

Ngoga mwanangu, barua yako niliisoma hapa kwangu Nyamitanga nikaiweka chini, nikatoka nje nikautazama mto Rwizi mpaka chai ikapoa. Miaka yote naandikiwa juu ya walevi na wake wenza, na wakwe wasiopatana, sijawahi kumstaajabia mama mkwe wa mtu namna hii. Umeona jambo kubwa. Wengi wanazeeka bila kuliona, na nakupa pole na hongera kwa pamoja.

Pole yangu inaishia hapo. Wewe ulinunua kisu kwa macho, na kimekata ndoa kabla hakijakata kamba. Ulitaka kupishwa foleni bombani! Wale wanawake hawakukuheshimu, walikumbuka walikotoka. Halafu unamwita Gaju mtoto, mtu aliyevuka vita kwa miguu yake, wakati mtoto hapo ni yule aliyefunga kisu pajani ili aonekane. Kabla hujanunua hata kamba, nenda umwombe msamaha kwa neno hilo. Usitume mtu.

Cha mama mkwe usikichukue. Mwambie Gaju amjibu kwamba umeshukuru sana, ila mkono wake bado una kazi nacho. Siku akichoka, mwenye kukirithi yupo, na ni huyo huyo kilichomkata kitovu.

Chako utakipata hapa Mbarara, kwa mhunzi anayefua springi za magari. Usimwambie unataka cha makomando, Bihogo hajatangaza vita na mtu. Bapa lisizidi kidole chako cha kati. Makali upande mmoja tu, na mgongo uwe mnene ili kidole kipate pa kukaa, kama ulivyomwona mama mkwe. Tumbo la makali lipinde kidogo kwa ajili ya kuchuna, na ncha isichongoke sana, maana ndiyo iliyokuaibisha. Chuma cheusi kinashika kutu ukizembea, kipake samli, lakini kinakubali kinoo. Kile chako kinachong'aa utakinoa mpaka jiwe liishe. Uliza kama chuma kimepita ndani ya mpini hadi mwisho. Kilichobandikwa kwa gundi mwachie mwenyewe. Lowesha mkono ukishike, kikiteleza kirudishe, kwa sababu kazi yako ni ya maziwa na damu. Ala iwe ya ngozi inayobana, igeuze chini juu uitikise, kisu kikianguka hapo dukani ikatae, na shukuru hakijaangukia mguu wako. Kivae ndani ya shati, si pajani. Kitoke wakati wa kazi, kifutwe, kirudi. Mtu akikutana nawe njiani aone Ngoga, asione kisu.

Hicho kirefu mpelekee mhunzi huyo huyo akikate mbele yenu. Nimesema mbele yenu, kwa sababu peke yako huendi, macho yako tumeshayaona yanavyochagua.

Na wewe Gaju binti yangu, najua unanisikia hapo kwa mama. Mpe shikamoo yangu. Sikuambii urudi kwa Ngoga. Nakuomba siku moja tu upande boda uje Mbarara, ukitazame kile kirefu kikikatwa vipande, halafu ushike vile vidogo kimoja kimoja. Kile ambacho mkono wako hautatetemeka ukikishika, ndicho kisu cha kazi cha mume wako. Mhunzi asikuharakishe.

Ngoga, kikishapatikana usikivae kwanza. Kigeuze, makali yaelekee kwako, mpini uelekee kwake, umkabidhi, kisha nyamaza ungoje hata kama ni muda mrefu. Akikurudishia, kivae mrudi Juru pamoja. Akibaki nacho, sawa pia, kitakaa shingoni mwake, nawe kila ukitaka kukata kamba ya ndama utamwomba.