Ulichosema Redioni

Kwako mdogo wangu,

Sisi wazima. Paa limeacha kuvuja na paka amezaa. Salamu zako sizitaki.

Jumatatu ulisema redioni kwamba filamu za zamani ni takataka, na waigizaji wake walisimama kama milingoti. Mama alikuwa ameegemea mto akiisikiliza sauti ya mwanawe. Umesahau kwamba aliigiza filamu moja tu maishani, na ndiyo hiyo uliyoitolea mfano?

Aliizima redio mwenyewe. "Kweli nilisimama kama mlingoti," akasema. "Nilikuwa na mimba ya huyu mdogo wako, ya miezi mitano, nimelikaza tumbo kwa kibwebwe nisifukuzwe kazi."

Jana nilimpeleka kuitazama filamu yako mpya. Alilia, akasema, "Hii inaishinda yetu." Mimi pia iliniingia, na ndiyo maana hasira imezidi. Mwenye kipaji hicho alikuwa na haja gani ya kumkanyaga mama yake?

Anataka uje umwone. Mimi sitaki. Ukija, ukamsalimie yeye. Mimi nitakuwa jikoni na mlango nitaufunga.

Dada yako, ambaye bado hajakusamehe