Mgonjwa Anauliza, Mimi Naimba

Mpendwa Mama Ok-bun, naomba msaada kwenye safu yako ya gazetini, na tafadhali usinicheke kabla hujamaliza kusoma. Nasoma uuguzi mwaka wa tatu hapa mjini Daegu na tangu mwaka wa kwanza sijatoka nafasi ya kwanza, siri yangu ni kwamba kila somo naligeuza wimbo, dawa, mishipa, dalili, vyote navitia kwenye nyimbo za zamani anazopenda bibi yangu anayeuza tambi soko la Seomun, na mitihani ikikaribia darasa zima huja kuniomba nyimbo, sasa tumeanza mazoezi wodini na juzi mzee mmoja, Babu Tak, akaniuliza, "Binti, nikisimama nasikia kizunguzungu, ni hii dawa ya presha?" na jibu ninalo, Mama, naapa ninalo, ila liko ubeti wa tatu, na ubeti wa tatu siufikii bila kuanzia wa kwanza, basi nikaanza kuimba kimoyomoyo, kumbe sauti inatoka na bega linacheza, babu akanitazama akasema, "Mimi naumwa, mwenzangu una sherehe?" na mwalimu wetu Bi. Pyo akanivuta hadi koridoni: "We Seul-bi, uko wodini au karaoke? Ukiimba tena mbele ya mgonjwa, utarudia mwaka." Mtihani wa vitendo ni wiki ijayo, nikiacha nyimbo napoteza nafasi ya kwanza, nisipoacha narudia mwaka, na bibi ameshawatangazia wateja wote kuwa mimi ndiye wa kwanza. Nifanye nini?

Seul-bi

Seul-bi mwanangu, nimecheka, nisamehe. Hilo bega ndilo lililonimaliza.

Nyimbo hazina kosa. Kosa ni kwamba umejifunza kujibu karatasi, na wagonjwa hawaugui kwa kufuata beti. Kesho nenda kibandani kwa bibi. Mpe maswali yako ayavuruge, akuulize huku anakata tambi, la katikati kwanza, la mwanzo baadaye, nawe umjibu kwa maneno anayoyaelewa. Akisema hajaelewa, basi hujui bado. Ukianza kuimba, akupokonye bakuli lako la tambi. Fanya hivyo kila siku hadi mtihani, nyimbo ziimbe bafuni. Na umwambie mapema kuwa safari hii huenda ukawa wa tano. Atanuna, atawakatia wateja tambi nene siku mbili tatu, yatapita.

Ila umenikera. Barua nzima ni nafasi yako, mwalimu wako, wateja wa bibi yako. Hujaniambia kama Babu Tak alijibiwa. Mzee ana kizunguzungu na pengine chooni anakwenda mwenyewe! Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu kabla ya kulipeleka gazetini. Leo hii pita wodini. Mwambie muuguzi wa zamu alichokuuliza mzee, kisha keti na babu umweleze ainuke polepole, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, asimame akiwa ameshika kitu.

Ukishamaliza, akitaka wimbo, mwimbie.