Kale kamchezo ka kuvua samaki

Betio, Kiribati

Mjukuu wangu Iotebwa,

Kuku wanataga, paa linavuja, na mdomo wangu bado mzima. Binti wa jirani ananiandikia haya.

Mchezo wa video uliomtumia mdogo wako Tebano umekwama kwenye kale kamchezo ka kufungua kufuli. Kanataka vidole vyepesi, na usipokashinda hadithi haiendelei. "Bibi, aliyekatunga ana roho mbaya," Tebano ananiambia. Anapenda kale ka kuvua samaki: unasubiri, unabonyeza mara moja, na hakuna anayekulazimisha.

Sasa hata kubonyeza huko vidole vyake vimekataa. Daktari amesema havitarudi, na kifua chake kinafuata. Tebano husema, "Sasa, bibi," nami nabonyeza. Jana nilimvulia jodari mkubwa. Mwenyewe Tebano alikuwa amegeukia ukutani.

Usitume mchezo mwingine, we mjinga wangu. Njoo muagane.

Bibi yako anayekupenda hivyo hivyo,
Nei Teraaka